Tiba ya viungo si kukandwa, ni mtoto kutenda

MTOTO aliyelazwa kwa malaria iliyopanda kichwani anapofumbua macho na kuanza kunyonya tena, jamaa humshukuru Mungu na kufunga mizigo ya kurudi nyumbani. Hatari imepita. Kwa watoto walio wengi, ndivyo ilivyo. Lakini kwa wengine siku ya kutoka hospitalini ndiyo siku ya kwanza ya tiba nyingine, ndefu zaidi, ambayo haina kidonge wala sindano.

Tiba hiyo hutolewa na wataalamu wa aina tatu. Wa kwanza ni mtaalamu wa tiba ya viungo, anayeshughulikia misuli, mifupa na mwendo. Wa pili ni mtaalamu wa tiba ya kazi, anayemsaidia mgonjwa kuzimudu shughuli za kila siku kama vile kula, kuvaa, kuoga na kucheza. Wa tatu ni mtaalamu wa tiba ya usemi, ambaye kazi yake ni lugha, mawasiliano na, jambo ambalo wengi hawalijui, kumeza chakula.

Elimu ya wataalamu hao imebadilika mno katika muda wa miaka ishirini hivi iliyopita. Mabadiliko hayo yana uzito wa pekee kwa mzazi wa mahali kama Ganda, wadi iliyo kando ya mji wa Malindi katika Kaunti ya Kilifi, ambako safari ya kliniki humgharimu mama nauli na siku nzima ya kazi ya shamba.

Utafiti wa Kilifi

Mengi yanayojulikana duniani kuhusu watoto walionusurika malaria kali yalitokana na watoto wa pwani hii. Mwaka 1989 Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu ya Kenya (KEMRI), kwa ushirikiano na shirika la Wellcome Trust la Uingereza, ilianzisha programu ya utafiti katika hospitali ya Kilifi, ambayo leo ni hospitali ya kaunti. Miongoni mwa maswali yaliyoulizwa ni hili: mtoto aliyenusurika huwaje baada ya miaka kadhaa?

Jibu lilidhihirika mwaka 2005. Watafiti wakiongozwa na Julie Carter waliwapima watoto wa Kilifi waliowahi kulazwa kwa malaria ya ubongo, au kwa malaria iliyoambatana na degedege kali, kisha wakawalinganisha na wenzao ambao hawakupatwa na maradhi hayo. Takriban mtoto 1 kati ya 4 wa waliougua alikuwa na angalau kasoro moja ya ukuaji. Kwa wenzao, idadi hiyo ilikuwa takriban mtoto 1 kati ya 10.

Baadhi ya kasoro hizo hazikuwa za mikono wala miguu. Watoto waliougua malaria ya ubongo walikuwa nyuma katika msamiati na katika matumizi ya lugha. Kasoro ya namna hii haionekani kwa macho. Mtoto anaweza kukimbia na wenzake chini ya minazi, lakini akishindwa kusimulia habari au kufuata maagizo ya mwalimu huitwa mvivu au mkaidi.

Mwaka 2006, uchunguzi mwingine wa Kilifi ulioongozwa na Victor Mung'ala-Odera ulionyesha kuwa watoto 61 katika kila 1,000 wa umri wa miaka 6 hadi 9 walikuwa na kasoro ya wastani au kali ya mfumo wa fahamu, ikiwemo kifafa, udhaifu wa akili, wa kusikia, wa kuona au wa mwendo.

Malaria ilipungua sana Kilifi katika miaka ya 2000, na idadi ya watoto waliolazwa kwa ajili yake ikashuka. Hata hivyo, sababu nyingine zipo: mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, manjano kali ya siku za mwanzo isiyotibiwa, homa ya uti wa mgongo, na kuzaliwa kabla ya wakati. Sababu hizi zinaweza kuleta kupooza kwa ubongo, hali ambayo jeraha la ubongo lenyewe haliongezeki, lakini athari zake kwa misuli na mifupa hubadilika kadiri mtoto anavyokua.

Miezi inayopotea

Miongoni mwa Wagiriama na jamaa zao wa Mijikenda, degedege limehusishwa tangu zamani na nyuni, pepo anayefananishwa na ndege. Naye mtoto anayekonda na kuchelewa kukua huweza kusemwa kuwa ana chirwa, yaani amepatwa na madhara ya wazazi kuvunja mwiko wa ndoa.

Maelezo hayo huipa familia jina la msiba wake, lakini bei yake ni kubwa. Mama hulaumiwa, mtoto hufichwa ndani, na fedha ambazo zingekuwa nauli ya kliniki huishia kwingine. Kilicho ghali kuliko fedha ni wakati, kwa kuwa ubongo hujipanga upya kwa wepesi zaidi katika miaka ya mwanzo ya maisha.

Mwaka 2017 wataalamu wa nchi mbalimbali walieleza kwa pamoja kwamba kupooza kwa ubongo kunaweza kutambuliwa, au kushukiwa kwa nguvu, kabla mtoto hajatimiza miezi 6. Hakuna haja ya kungoja afike miaka miwili ili "tuone kama atatembea".

Dalili zenyewe mzazi anaweza kuziona. Shingo inayolegea baada ya miezi 4, mtoto asiyeweza kukaa bila kushikiliwa akiwa na miezi 9, miguu inayokakamaa na kupishana kama mkasi anaponyanyuliwa, au mtoto anayetumia mkono mmoja tu kabla ya kutimiza mwaka, hizo zote ni sababu za kumpeleka apimwe. Hali kadhalika mtoto asiyegeukia sauti au asiyebwabwaja kama wenzake.

Kipimo nacho sharti kimfae mtoto wa mahali. Ndiyo maana Amina Abubakar na wenzake walitayarisha kipimo cha ukuaji kinachojulikana kwa jina la Kilifi, kilichochapishwa mwaka 2008, ili mtoto asihesabiwe kuwa nyuma kwa sababu tu hajawahi kukiona kitu alichoonyeshwa.

Kukandwa hakutoshi

Ukimuuliza mzazi kuhusu yanayofanyika kliniki, mara nyingi atajibu: "Wanamkanda," au "Wanamnyoosha." Kwa miaka mingi hata wataalamu wenyewe walikuwa na imani hiyo. Mtoto alilazwa mkekani, akakunjwa na kukunjuliwa viungo, kisha akarudishwa kwa mama hadi mwezi ujao.

Mwaka 2013 mtafiti wa Australia, Iona Novak, na wenzake walikusanya tafiti nyingi kuhusu tiba za watoto wenye kupooza kwa ubongo, wakazipanga kwa rangi za taa za barabarani. Kijani ilimaanisha tiba ithibitike kuwa inafaa, manjano ilitaka tahadhari, na nyekundu ilikuwa amri ya kuacha. Kazi hiyo ilirudiwa mwaka 2020 kwa ushahidi mpya.

Matokeo yaliwafanya wengi watafakari upya. Tiba ambazo mtaalamu ndiye anayemsogeza mtoto, naye mtoto ametulia tu, hazikupata ushahidi wa nguvu. Kunyoosha misuli kwa mikono kwa dakika chache hakukuonyesha faida kubwa ya kudumu. Zilizopata rangi ya kijani ni zile ambazo mtoto mwenyewe anajaribu jambo halisi, katika mazingira yake halisi, mara nyingi, kwa lengo lililochaguliwa na yeye na wazazi wake.

Sababu yake si ngumu kuielewa. Ubongo hujifunza kama mwanagenzi wa fundi, kwa kufanya, kukosea na kurudia. Hakuna aliyejifunza kukwea mnazi kwa kulala mkekani huku mwenzake akimsukuma miguu.

Chukua mfano wa mtoto ambaye wazazi wanataka ashike kikombe cha uji mwenyewe. Zoezi lake ni kikombe. Kwanza kikombe kitupu, chenye mikono miwili, kisha chenye uji kidogo, kila asubuhi, kila jioni. Uji utamwagika, na huko kumwagika ni sehemu ya somo.

Mtoto aliyedhoofika upande mmoja huelekea kuutumia mkono wenye nguvu na kuusahau wa pili. Katika tiba mojawapo iliyothibitika, mkono mzima hufunikwa kwa soksi au kitambaa kwa muda uliopangwa na mtaalamu, ili mkono dhaifu ulazimike kucheza, kushika na kuokota. Anayejifunza kusimama hupewa kitu anachokipenda juu ya kigoda au ukingo wa kitanda, akasimama kwa sababu anakitaka, si kwa sababu ameshikiliwa.

Hii haina maana kwamba mzazi aache mazoezi aliyoelekezwa. Kwa kiungo kilichoanza kukaza, mtaalamu anaweza kuagiza plasta ya muda, kifaa cha kushikilia mguu au mikao maalumu. Mtoto mwenye kifafa naye hana budi kuendelea na dawa zake bila kukatiza. Maana yake ni kuwa kukandwa peke yake kusichukuliwe kuwa ndiyo tiba.

Hapa ndipo hesabu ya mzazi wa Ganda inapobadilika. Mtoto aliye macho saa 12 kwa siku huwa macho saa 360 kwa mwezi. Akihudhuria kliniki mara moja kwa nusu saa, muda uliobaki wote yuko nyumbani. Ikiwa tiba ni mikono ya mtaalamu, basi mtoto huyo hatibiwi. Ikiwa tiba ni kutenda, nyumba yake ni kliniki, na kazi ya mtaalamu ni kumfundisha mama, baba, nyanya na ndugu zake namna ya kuitumia.

Nyumba iwe kliniki

Vifaa vya kliniki hiyo ya nyumbani havihitaji dola. Mpini wa kijiko ukizungushiwa kitambaa au kipande cha kandambili kuukuu huwa mnene, ukashikika na mkono usioweza kukunja vidole sawasawa. Mkono dhaifu utangulie kuingia katika nguo na uwe wa mwisho kutoka. Kwa hila hiyo ndogo, mtoto anaweza kujivika shati ambalo zamani alivishwa.

Kiti kinachomkalisha mtoto wima kinaweza kuundwa kwa maboksi. Bevill Packer alieneza nchini Zimbabwe ufundi wa kugandisha tabaka za karatasi na maboksi kwa gundi ya unga mpaka zikawa ngumu kama ubao. Viti na meza za aina hiyo zimetumiwa katika nchi nyingi. La muhimu ni kipimo: makalio yafike nyuma kabisa, miguu ikanyage, na meza iwe kimo cha viwiko.

Hata mbeleko ina nafasi yake. Mtoto mwenye miguu inayopishana hufaidika anapobebwa mgongoni au kiunoni huku mapaja yakiwa yametanuka, kuliko kulazwa mikononi kama mchanga. Nyonga za watoto wasiotembea zina hatari ya kuchomoka polepole bila kelele. Kwa hiyo ni haki ya mzazi kuuliza kama mtoto wake anahitaji kupigwa eksirei ya nyonga.

Swali ambalo kila mzazi huuliza ni moja: "Atatembea lini?" Tangu mwaka 1997 wataalamu wanatumia mfumo ulioandaliwa Kanada, unaowagawa watoto wenye kupooza kwa ubongo katika madaraja matano kulingana na uwezo wao wa mwendo. Wa daraja la kwanza hutembea na kukimbia kwa shida ndogo. Wa daraja la tano huhitaji kusaidiwa hata kuinua kichwa.

Kulijua daraja ni kujua mahali pa kuweka jitihada. Mtoto wa daraja la tano hatatembea kwa kuhamishwa kutoka kliniki hadi kwa mganga na kutoka kwa mganga hadi kwenye maombezi. Lakini anaweza kukaa bila maumivu, kula kwa usalama, kueleza anachotaka na kwenda shule. Mtaalamu anayemficha mzazi ukweli huu humwibia fedha, nguvu na miaka.

Hatari iliyo kwenye kijiko

Kati ya yote ambayo familia inapaswa kujua, la dharura kabisa ni namna ya kumlisha mtoto. Misuli ya kinywa na koo inapokosa uratibu, uji huweza kuingia katika njia ya hewa badala ya tumbo. Matokeo ni nimonia inayorudi mara kwa mara, na nimonia huua.

Dalili ni kukohoa au kupaliwa wakati wa kula, sauti ya majimaji kooni baada ya kumeza, machozi, kupumua kwa taabu, na homa za kifua zisizokwisha. Nyingine ni mlo unaochukua saa nzima huku mtoto akiendelea kukonda.

Huenda mtoto anayesemwa kuwa na chirwa ana njaa tu. Kila siku analishwa, na kila siku sehemu kubwa ya chakula hutoka nje ya kinywa au kwenda kusikotakiwa. Mama hana kosa lolote. Hajaonyeshwa tu njia.

Njia yenyewe huanza na mkao. Mtoto asilishwe akiwa amelala chali wala kichwa kikiwa kimeangukia nyuma. Akalishwe wima, shingo iwe imenyooka na kidevu kimeinama kidogo mbele. Kijiko kiwe kidogo, kiletwe kutoka mbele, na mlishaji angoje mtoto ameze kabla ya kuongeza. Asizibwe pua wala kulazimishwa. Baada ya mlo abaki wima kwa takriban nusu saa.

Baadhi ya watoto humeza uji mzito kwa urahisi kuliko maji, lakini uzito unaofaa huamuliwa na mtaalamu baada ya kumtazama mtoto akila. Kwa sababu hiyo, tiba ya usemi si anasa ya watoto wa mjini.

Kusema si ulimi pekee

Mtoto asiyeweza kutamka maneno mara nyingi huhesabiwa kuwa hana la kusema. Mwaka 2014 Karen Bunning, Joseph Gona na wenzao walichapisha matokeo ya kazi iliyofanywa nyumbani kwa watoto wa mashambani Kilifi waliokuwa na shida kubwa ya mawasiliano. Familia zilifundishwa kutumia vitu, picha na ishara badala ya kungoja maneno. Walezi walieleza kuwa waliona mabadiliko mema katika mawasiliano ya watoto.

Nyumbani jambo hili huanza na vitu vilivyopo. Kikombe humaanisha kiu, sabuni humaanisha kuoga, leso ya mama ya kutokea humaanisha safari. Mtoto huonyeshwa viwili, akachagua kwa mkono au kwa jicho. Mlezi hutaja jina la kitu, husubiri, kisha hulitii chaguo. Kusubiri ndiyo kazi ngumu, kwani mtoto huyo anaweza kuhitaji muda mrefu kujibu.

Wapo wazazi wanaohofia kwamba picha zitamfanya mtoto avivie kusema. Tafiti hazijaunga mkono hofu hiyo. Wengine huambiwa waache Kigiriama wamsemeze mtoto kwa Kiswahili au Kiingereza pekee. Ushauri huo haufai. Lugha ambayo mama anaimudu kwa undani ndiyo inayompa mtoto maneno mengi zaidi, na mtaalamu hana budi kumpima katika lugha anayoisikia nyumbani.

Yaliyobaki

Shirika la Afya Duniani pamoja na watafiti wengine walikadiria kuwa mwaka 2019 watu bilioni 2.4 duniani walikuwa na hali ambayo ingefaidika na huduma za urekebishaji. Mwezi Mei mwaka 2023 mkutano mkuu wa shirika hilo ulipitisha azimio la kuzitaka nchi ziziingize huduma hizo katika mifumo yao ya afya.

Kenya ina misingi. Chama cha watu wenye ulemavu wa viungo, APDK, kimekuwapo tangu 1958, na karakana zake za Bombolulu, Mombasa, zilianza mwaka 1969. Sheria ya kusimamia wataalamu wa tiba ya viungo ilipitishwa mwaka 2014. Lakini wataalamu wa usemi wangali wachache mno, na kwa mkazi wa kijijini uchache huo hugeuka kutokuwapo.

Pengo hilo halitazibwa na majengo peke yake. Mwaka 2020 Gona na wenzake walichapisha utafiti mwingine wa Kilifi kuhusu vikundi vya kujisaidia vya walezi wa watoto wenye ulemavu, ulioonyesha namna vikundi hivyo vinavyowatia walezi nguvu na kuwaondoa katika upweke. Walezi wanaokutana hufundishana mkao wa kulisha, na baba anayewaona baba wengenye watoto kama wake huacha kuficha.

Mzazi anayeingia kliniki, iwe ni katika hospitali ya Malindi au kwingine, asitoke bila majibu ya maswali matatu. Tunalenga mtoto aweze kufanya nini hasa? Nifanye nini nyumbani kila siku, na lini? Nitajuaje kuwa inafaa au haifai? Mtaalamu mwema atafurahia maswali hayo, na atamtazama mama akifanya mwenyewe kabla ya kumruhusu aondoke.

Jeraha la ubongo halifutiki kwa mazoezi, na haifai kumwahidi mzazi muujiza. Lakini kati ya mtoto anayelala ndani akilishwa chali na mtoto anayekaa kitini akionyesha kikombe anachokitaka, tofauti mara nyingi si ukubwa wa jeraha. Ni aliyofundishwa mlezi wake, na mapema kiasi gani. Haba na haba hujaza kibaba.